Nyekundu ya Drapo Kwenye Kanzu ya Mzee Salumu

Jamani, hii habari nilikuwa nimeapa nisiisimulie tena, maana kila nikiikumbuka masikio yananiwaka moto, lakini kwa vile mmenibana tangu asubuhi, haya, nitasema, ila mtakaocheka chekeni chini chini, kwa sababu yule niliyemtia aibu angali hai, anakaa nyumba ya tatu kutoka hapa, na anasikia vizuri kuliko sisi wote.

Miaka ile nilikuwa fundi wa kushona hapa Kasongo, kijana mwenye mashini ya mkono na maneno mengi. Ukinijia na shida yoyote ya nguo, jibu langu lilikuwa moja tu: "Itapatikana!" Hata kama sijui itapatikana wapi. Sasa nilikuwa nimempenda Zaina, binti wa Mzee Salumu, imamu wa musikiti wetu (mzee mkali, mwembamba, msafi mpaka nadhani vumbi lilikuwa linamwogopa). Nikatuma wazee wangu kwake mara mbili, na mara ya pili akawajibu, "Idi ipite kwanza. Nataka kumwangalia huyu kijana ni mutu wa namna gani." Basi nikamshonea kanzu ya Idi, nyeupe pe, shingoni nikaidarizi kwa mkono siku nne, nikampelekea zawadi. Moyoni niliona nimeshaoa.

Mwaka ule mfungo uliangukia kiangazi, na mwisho wake ulikuwa unasogelea tarehe ishirini na moja ya mwezi wa saba, sikukuu ya taifa ya Wabelgiji. Hiyo haikuwa siku ya kuchezea. Asubuhi misa kwa mapadri, halafu mji mzima uwanjani kwa Leta (ndivyo tulivyoiita serikali), drapo, yaani bendera yao, ipande, askari wapite, na wakubwa wa mji, Wakristo kwa Waislamu, waitwe mmoja mmoja kumpa muzungu wa Leta mkono mbele ya watu.

Wiki moja kabla akanijia karani Filipo, yeye ndiye mwenye kupanga sherehe. "Fundi," akasema, "nataka drapo ndogo makumi tatu za watoto wa masomo, na kitambaa cha kufunika benchi ya wazee, kirefu, rangi tatu, nyeusi, manjano na nyekundu. Itawezekana?"

Mnajua nilivyojibu.

Nikaenda dukani kwa Mureno. Nyeusi iko, manjano iko, nyekundu imekwisha, na nyingine haiji mpaka mwezi ujao. Hapo maneno matatu tu yangeniokoa, "Karani, nyekundu hakuna," naye angetafuta njia nyingine, na mimi leo ningekuwa naitwa kwa jina langu. Lakini nani, mimi? Niseme hakuna, na habari imfikie Mzee Salumu kwamba fundi ameshindwa?

Nyumbani alikuwa amefika shangazi yangu Mangaza, kutoka Kabambare, amekuja kula Idi kwetu, na katika mizigo yake kulikuwa na kikapu cha nkula. Nkula mnaijua, ule unga mwekundu wa mti ambao kwetu wanawake wanampaka mama aliyezaa, siku ya kumtoa nje na mtoto wake, na wenzake wakimpokea kwa vigelegele. Nikasema, nyekundu si hii hapa? Nikanunua kitambaa cheupe cha amerikani nikamwonyesha shangazi. "Chemsha," akaniambia, "halafu suuza, suuza tena, suuza mpaka maji yatoke safi, uanike siku mbili. Usiwe na haraka, mutoto wangu."

Drapo ndogo nilizifanya hivyo hivyo, zikatoka vizuri, wallahi. Kitambaa cha benchi nikakiweka mwisho. Kumbe tarehe ishirini, jioni, mwezi ukaonekana! Idi ni kesho, siku moja na sikukuu ya Wabelgiji, na mji wote ukanimiminikia, huyu kifungo, yule upindo, mwingine suruali ya mutoto imekuwa fupi. Nichemshe saa ngapi, nianike saa ngapi? Nikachukua nkula, nikaikoroga na mawese ili ing'ae, nikakipaka kile kitambaa upande wake wa nyekundu kama mutu anayepaka ukuta. Asubuhi nikakigusa kwa ncha ya kidole. Nikajiambia kimekauka (hakikukauka, mawese hayakauki, hata mutoto anajua). Nikakitandika kwenye benchi mwenyewe kabla ya kwenda kuswali.

Karani Filipo alifurahi mpaka akanipiga bega. "Fundi, hii nyekundu yako inashinda ya Ulaya!"

Watu wa misa walitoka mapema kuliko sisi, wakajaza benchi upande wa nyeusi na upande wa manjano. Sisi tulitoka musikitini tukiwa bado tunapeana mikono ya Idi, na Mzee Salumu akaja wa mwisho, ndani ya kanzu yangu, anang'aa, watu wanampisha. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja, kipande cha nyekundu mwisho wa benchi, cha kutosha mutu mmoja tu. Nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kuweza kumshika mkono. Nilimwona anakusanya kanzu, nikamwona anainama, neno likanifika hapa kooni, nikalimeza. Nikasema moyoni, labda haitashika.

Akaketi. Jua la kiangazi likapanda. Askari wakapita, watoto wakapunga drapo zao, baragumu likalia, na mimi sikuona hata kimoja katika hivyo, macho yangu yako kwenye benchi tu. Hatimaye karani akaita, "Imamu Salumu!" Mzee akasimama, akatembea taratibu mpaka mbele, akatupa mgongo, akampa muzungu mkono.

Mama yangu! Nyuma, kuanzia kiunoni mpaka magotini, nyekundu tupu, tena inang'aa. Hapo mwanamke mmoja, sijui nani na Mungu amsamehe, akapiga kigelegele kile cha kumpokea mama aliyezaa, na wengine wote wakaitikia. "Amejifungua! Amejifungua salama!"

Mutu mwenye akili angekaa kimya. Mimi nikachovya leso yangu kwenye ndoo ya maji ya askari, nikakimbia mpaka katikati ya uwanja, nikaanza kumpangusa imamu makalio mbele ya drapo. Maji na nkula! Ikatiririka mpaka kwenye visigino vyake. Muzungu akaona nyekundu inadondoka chini, akapiga kelele kwa lugha yao, karani akageuza kwa Kiswahili, "Mzee anatoka damu! Kipoyi! Haraka!"

Kipoyi kilichokuwa karibu kilikuwa kile cha muzungu mwenyewe, kiti chake kirefu cha kubebwa mabegani na watu wanne. Mzee akisema mimi muzima, hawamsikii kwa vigelegele. Akikataa, muzungu anasema ona ushujaa wa mgonjwa. Wakamlaza kifudifudi, yale madoa yakaangalia mbinguni, wakamkimbiza lopitalo, hospitali ya Leta, kupitia njia kubwa, na mji wote nyuma yao na nguo za Idi. Nilikimbia nikilia. Ndiyo, nililia, sioni haya kusema.

Munganga wa lopitalo, mutu wa huku huku, aliinama akanusa mara moja tu. "Hii si damu. Hii ni nkula na mawese. Mzee, ulikuwa na mimba?"

Muzungu alipogeuziwa maneno hayo alibadilika uso. Akaona amechekwa siku ya mfalme wake. Akauliza kwa kinywa cha karani, "Nani alifanya huu mchezo? Asiposema, mzee atalala kifungoni." Mzee Salumu akainua kichwa pale alipolazwa, akaniangalia. Nikaficha mikono mgongoni, maana ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko, na nikajua ameshaiona. Hakunitaja. Aliniangalia tu, akangoja.

Mlango ulikuwa wazi nyuma yangu.

"Ni mimi," nikasema, na sauti ikatoka nyembamba kama ya kifaranga. Nikatoa mikono. Nikaeleza yote, duka la Mureno, mwezi kuonekana, mawese, na karani akageuza huku akiuma midomo asicheke. Muzungu akasikiliza mpaka mwisho, akaamuru nikafue kila kitambaa cha sherehe mtoni, askari anisimamie. Ndiyo Idi yangu hiyo. Wenzangu wanakula wali na mbuzi, mimi nasugua, na wanawake wanaokuja kuteka maji wananiuliza, "Mukunga, mzazi anaendeleaje?" Mukunga! Jina hilo ndilo ninaloitwa mpaka leo, hata wateja wapya wanaulizia nyumba ya fundi Mukunga.

Siku ya pili nikaenda kwa Mzee, nikapiga magoti mlangoni.

"Nilipokuja kuketi, uliniona?" akauliza.

"Nilikuona, baba."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza, baba. Unisamehe."

"Na pale lopitalo ungeweza kunyamaza tena, mimi nikalala kifungoni."

"Ningeweza, baba."

Akaniambia, "Basi wewe uko nusu mutu. Rudi Idi ingine, nione kama nusu iliyobaki imefika."

Mwaka mzima! Zaina naye akanitumia neno kwa shangazi: atangoja, lakini siku akisikia nimesema tena itapatikana kwa kitu kisichopatikana, ataenda kuolewa mji wa Nyangwe. Nilingoja, na mwaka ule wote, kila aliyekuja na kitambaa nilimwambia ukweli mpaka wengine wakakasirika wakaenda kwa mafundi wengine, na mpaka leo sijabadilika.

Tukaoana, alhamdulillahi, na tuna watoto watano. Lakini Mzee akija kunitembelea haketi kwanza. Anapapasa kiti kwa kiganja, anakigeuza kiganja anakiangalia, halafu ananitazama usoni, na mimi nasimama mbele ya watoto wangu wote nikingoja aketi.