Swala Waliotazama Milimani

Miaka ya themanini ilipoanza nilikuwa nasomesha wasichana Ibra, katika nchi ya Waarabu. Ijumaa moja, baada ya chakula cha mchana, kaka yangu alitupeleka mimi na mama kutazama boma la swala karibu na Al Qabil. Walifugwa pale ili wazaane, maana wawindaji walikuwa karibu kuwamaliza, na wageni walikaribishwa waje wajifunze. Mama hakuwa na muda mrefu tangu atoke Unguja. Kiarabu kilikuwa hakijamwingia.

Mlinzi, Mbedui wa makamo, alitupokea kwa kahawa na tende, akatuonyesha pembe na kwato alizozipanga mezani. Tulipofika kwenye uzio akasimama ghafla. Majani aliyowapa asubuhi hayakuguswa. Swala wote wamejibana pembe ya juu ya boma, masikio wima, wanatazama milimani. Juu yetu mbingu nyeupe kwa jua. Kule mbali, kiza.

Boma lenyewe lilikuwa ndani ya wadi, bonde kavu ambalo mvua ya milimani hulijaza ghafla.

"Mwambie afungue lango la juu, wapande kilimani," mama aliniambia. "Asipofungua, roho za viumbe hawa ziko shingoni mwake."

Niliona haya. Mtu mzima, tena ametukirimu. Nikamwambia kwa Kiarabu, "Mama anauliza, lango lile huwa linafunguliwa?"

"Mpaka wakubwa waruhusu. Swala wakitoka, nani atawarudisha?"

Hata hivyo aliingia kibandani kuwaita wakubwa kwa simu ya upepo. Ijumaa, hakuna aliyeitika. Akajaribu tena.

"Anasemaje?" mama aliuliza.

"Anafikiri."

Ndipo tukasikia mawe yakisagana huko juu, mfululizo, bila kituo. Mlinzi alitoka mbio, akapambana na komeo. Swala wa mbele walipita. Kaka alitukokota mpaka kilimani, na maji ya tope yakauzoa uzio, swala wanne wangali ndani. Mmoja alikwenda kichwa juu, kimya.

Mlinzi alipona. Baadaye tulisikia wakubwa wake hawakumuuliza habari za lango. Walimshukuru kwa wale waliosalia.

Siku ile, garini, mama aliniuliza, "Ulimwambia kama nilivyokwambia?"

"Ndiyo, mama."

"Basi ana lake kwa Mungu."

Mpaka anafariki, kila alipomkumbuka mtu yule alimsema vibaya. Sikumsahihisha hata mara moja.