Magunia Yaliyolala Juu

Harufu ya michembe ikichemka na karanga hunikamata hata nikiwa katikati ya shughuli zangu hapa Isaka. Viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa mpaka vikakakamaa, sasa vinalainika polepole sufuriani. Wengine harufu ile huwatia njaa. Mimi hunirudisha Katoro, kwenye chumba kimoja cha kupanga kando ya mtaro, ambako michembe ililala pazuri kuliko sisi.

Msinicheke, ndivyo ilivyokuwa. Mama alinunua michembe vijijini baada ya mavuno, bei ikiwa chini, akaiuza wakati wa mvua viazi vibichi vilipoadimika. Magunia yale ndiyo yalikuwa mtaji wake wote, na humo ndimo ilimotoka kodi, mboga na sare zangu za shule. Basi akamwita fundi amjengee kichanja cha miti mlemle chumbani, kama wanavyohifadhi chakula kwao kijijini. Magunia yakapanda juu, sisi tukatandika godoro chini. Nilikuwa naona aibu kuleta marafiki nyumbani. Jirani yetu Mama Rehema, aliyekaanga maandazi, hakukosa la kusema kila alipochungulia.

"Mama Kabula, magunia ndiyo yamepanga, ninyi mmekuja kusalimia tu!"

Mama alicheka naye, na kichanja hakukigusa.

Alasiri moja mvua ilishuka kwa hasira, na mtaro uliojaa takataka ukatapika. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yakaingia chumbani bila hodi. Mama alinirusha juu ya magunia, akamvuta Mama Rehema na mwanawe waliokimbilia mlangoni kwetu, kisha akapanda mwenyewe. Tukakaa kule juu kama kuku, tukitazama godoro letu likinywa maji na ndala za watu zikipita mlangoni bila wenyewe. Mama Rehema hakutania tena. Unga na sukari yake vilikuwa sakafuni, chumba cha pili.

Asubuhi yake wanunuzi wa vyuma chakavu walipita na mkokoteni. Watu wale wanazijua siku za kuja. Mama Rehema akatoka na karai lake kubwa la kukaangia, maana mwenye nyumba alitaka kodi yake na hakuwa na kingine cha kuuza. Alitajiwa bei ya kutupa, na alikuwa ameshaanza kulikabidhi.

"Rudisha karai ndani," mama akamwambia. "Chukua magunia mawili kati ya haya manne, mali kauli. Ukishauza utanipa changu."

"Na yasipotoka?"

"Yatatoka. Mtaa mzima una njaa."

Nilikasirika kweli. Bei ya michembe ilikuwa imepanda, na mimi kichwani nilishanunua godoro jipya. Nilinuna siku nzima, nikalala juu ya maboksi nikiwa nimempa mama mgongo. Lakini magunia yalitoka. Mama Rehema alilipa kodi, akampa mama chake, akanunua unga, na mtaa ukaanza tena kunukia maandazi.

Nimekua, nami nimefanya biashara na kupata hasara. Sasa naelewa kwamba maji hukaa muda mfupi tu. Kinachommaliza mtu ni siku zinazofuata, pale anapouza kwa bei ya kutupa kitu kilekile kinachomlisha. Mama alimwona jirani yake akifika hapo, akamzuia kwa nusu ya mtaji wake.

Juzijuzi nilimuuliza alipata wapi ujasiri ule.

"Ujasiri gani, Kabula? Niliogopa sana. Magunia yalipokuwa yanashushwa niligeukia ukutani nisiyaone."

Nilijua kwamba aligeuka. Nilimwona, na miaka yote nilidhani hakutaka kuniangalia mimi niliyenuna. Kumbe mama yangu alikuwa anaogopa, na bado hakuyarudisha magunia. Najivunia kuwa mtoto wa mwanamke yule.