Nyumba ya Angurai tuliyoikataa

Leo mjukuu ameniuliza kwa nini tulijenga hapa Malaba, kwenye vumbi la malori. Tangu hapo situlii.

Miaka ya sabini, nilipohamishiwa huku kufundisha, nilipata nyumba Angurai, juu kilimani.
Kimya. Baridi tamu.

Mke wangu, mzaliwa wa Tororo, ng'ambo ya mpaka nchini Uganda, aliikagua akatikisa kichwa.
"Baba Rosa, Uganda kunawaka. Dada yangu akivuka mpaka, atanipata wapi huku?"

Nilinuna, jamani. Nyinyi mngechagua wapi?

Tukapanga chumba hapa Malaba, karibu na mpaka, ambako baadaye tulijenga.
Kila siku alisimama mlangoni, akikagua nyuso za wanaovuka.

Wiki ya sita nikasikia anapiga mayowe.
Nikatoka mbio.
Dada yake alikuwa kifuani mwake, miguu mitupu, mtoto mgongoni.