Baba aligoma kunidhamini mkopo wa chuo mpaka muhtasari usomwe hadharani

Wakuu, kwema huko?

Nimewasoma mnavyovutana kuhusu riba ya mikopo ya wanafunzi na nani ana haki ya kuona kumbukumbu za vikao. Nina langu. Sitii chumvi, wa Njombe wenzangu mmo humu, mtaniumbua.

Ni miaka ya tisini, cost sharing imeingia, wazazi tunachangia ada. Nimepata chuo cha ualimu, nyumbani tuna viazi na ng'ombe mmoja.

Kata yetu, upande wa Makambako, ilikuwa na mfuko wa elimu wa kukopesha wanafunzi. Mzazi anasaini udhamini. Mchangiaji mkubwa alikuwa Mzee Hamisi, mwenye lori la kusomba viazi.

Mara tukasikia kamati ya mfuko imekaa na kuweka riba. Kiasi gani, hakuna aliyejua. Wengine wakasema ukishindwa kulipa, shamba linakwenda.

Nikaenda kwa mtendaji wa kata. Akanijibu kwa upole tu, muhtasari wa kikao ni mali ya ofisi, raia haonyeshwi.

Baba akagoma kusaini.

Wakuu, nilimchukia. Hata salamu yetu ya asubuhi, kamwene, nilimpa kwa shingo upande.

Mzee Hamisi naye akasema kwenye dini yake riba ni haramu, kama ni kweli imewekwa, anauondoa mchango wake. Hapo nikaona chuo kimeota mbawa.

Ukafika mkutano wa hadhara.

Baba alikuwa mzee wa kanisa. Kwa msiotujua Walutheri wa huku, kila Jumapili sadaka ya wiki iliyopita husomwa mbele ya wote. Asiye na hela huleta mahindi au mayai, yananadiwa nje baada ya ibada.

Akasimama na suti yake ileile ya kanisani.

"Ndugu mtendaji, kanisani natangaza hata yai moja la sadaka, na aliyelinunua. Mfuko huu ni wetu. Tusomee, nimsainie mwanangu."

Mzee Hamisi akamuunga mkono. Mwenyekiti wa mkutano akaruhusu, mtendaji akasoma.

Kumbe riba ilipendekezwa tu, uamuzi tuliachiwa sisi. Shamba halikutajwa popote. Mtendaji alikiri alikuta ofisi ina mazoea ya kuficha, naye akafuata.

Watu wakabishana haswa. Wapo waliosema bila riba mfuko utakauka, na walikuwa na hoja. Mwisho tukakubaliana riba hakuna, ila kila mkopaji akirudi likizo anapanda na kupalilia mipaini ya mbao kwenye shamba la mfuko. Mzee Hamisi akajitolea lori la kubeba miche.

Baba akasaini palepale, karatasi iko gotini.

Mipaini ile ilishavunwa, ikasomesha wengine, akiwemo mtoto wa mtendaji.

Nilichojifunza: riba inajadilika. Usichosomewa ndicho kinachokutisha bure.

Juzi nimemdhamini mtoto wa dada yangu kwenye mfuko huohuo. Kabla ya kushika kalamu nikaomba nisomewe. Mtendaji wa sasa, binti mdogo, akasoma mwanzo mpaka mwisho bila kunikunjia uso. Nikaikumbuka suti ya baba, machozi yakanitoka mbele ya watu.

Kwenu kata mnasomewa? Wa kutaka riba na wa kuipinga, uwanja ni wenu.