Kigingi cha Darasa la Sita

Majirani walimwita Bi Nani-Kasema, kwa kuwa hata ukimwambia kumekucha atataka kujua aliyekupa habari hizo. Hakuzaliwa hivyo. Mara mbili amehamishwa kwenye bustani za mboga, na mara zote mbili mambo yalianza kwa watu wenye viatu safi, salamu za adabu na kigingi cha rangi nyekundu. Bustani hii ya tatu, matuta kumi na moja ya mchicha kando ya mto, ndiyo iliyowalisha yeye na mjukuu wake, binti wa darasa la sita.

Basi siku alipokuta kigingi kimesimama majini, kina mistari myekundu na namba, hakuhitaji kuelezwa.

Mjukuu alimweleza hata hivyo. Kigingi ni cha shule. Mwalimu wao wa sayansi anawafundisha mto: wamekunjakunja karatasi kubwa ikawa milima na mabonde, wakainyunyizia maji ya rangi waone kila tone linavyokimbilia bondeni, wamechota matope kwa chujio wakahesabu wadudu, maana wako wadudu wasiokaa kwenye maji machafu. Na kila Jumatatu wanasoma kwenye kigingi maji yamefikia namba gani.

“Serikali siku hizi inahesabu wadudu?” bibi aliuliza.

“Si serikali, Bibi. Ni sisi.”

“Wamewatuma ninyi kwa sababu watoto hawapigwi mawe.”

Kuking'oa aliona ni ushamba. Ukikitoa cha mti leo, kesho wanaleta cha zege. Akachagua njia ya mchwa. Kila alfajiri akienda kuchota maji ya kumwagilia, alikigonga kwa mgongo wa jembe, pigo moja tu, kikazama upana wa kidole. Kwa hesabu zake, muhula ungekwisha kigingi kimeshamezwa na matope, na mpima ardhi angekuta mto usio na la kusema.

Wiki ya tano mjukuu alirudi mbio. Mto umepanda! Miezi miwili bila mvua, na kila Jumatatu mstari kwenye chati unapanda kama ngazi. Kwamba mawe ya kuvukia yalikuwa makavu hadi chini, hakuna aliyejali; namba ilikuwa imeshaandikwa. Mwalimu ameandika barua kwa halmashauri: bustani za kando ya mto ziko hatarini kufurika, wenye matuta wahamishwe kwa usalama wao. Inapelekwa kesho saa nne, na darasa zima litaisindikiza.

Bibi alikaa juu ya ndoo. Maisha yake yote alikuwa akimsaka mwenye njama. Leo kapatikana, na kavaa ndala zake.

Kesho yake saa mbili alikuwa mlangoni pa darasa. Watoto wakasimama, shikamoo ikapigwa kwa pamoja. Mwalimu, kijana mwembamba mwenye chaki mpaka kwenye nyusi, akamkaribisha kiti. Hakukaa.

“Mto haujapanda, mwalimu. Kigingi ndicho kimeshuka. Nakigonga mimi, kila siku upana wa kidole.”

“Kwa nini, Bibi?”

“Kwa sababu ni chekundu.”

Viti vya nyuma vilicheka. Mjukuu wake aliingiza kichwa kwenye mkoba kana kwamba anatafuta kitu cha miaka mingi. Mwalimu hakucheka; aliitazama chati, akaitoa barua kwenye bahasha, akaichana mbele yao vipande vinne. Kisha akauliza, kwa heshima zote, kama Bibi angekubali kidole chake kipimwe kwa rula, ili darasa lipunguze kwenye kila namba na kujua mto umefanya nini hasa.

Bibi alificha mkono nyuma.

“Nakala iko wapi?”

“Hakuna nakala, Bibi.”

“Mwanangu, barua ya kuhamisha watu haikosi nakala.”

Mwalimu akafungua droo. Bibi alisubiri mpaka na hiyo ikawa vipande vinne, akavihesabu, ndipo akanyoosha kidole.