Herufi za Lenie du Preez

Alida, jirani yangu hapa Wellington, hutarizi herufi kwenye mashuka ya mabibi harusi, na hamsahau mtu aliyemtendea ubaya. Miaka kumi na sita iliyopita mumewe alifariki, na mama mkwe wake, Hester van Schoor, akamfukuza shambani na sanduku moja la nguo. Mashuka na vitambaa alivyopewa na mama yake mzazi vilibaki huko. Vilikuwa na S ya Schoor, herufi ya ukoo wa mume.

"Herufi yetu, kitu chetu," alisema Hester.

Mwaka huu Hester akaja kwa Alida bila haya, amemshika mkono Lenie du Preez, mchumba wa mwanawe mdogo, aliyebeba mashuka yake ya harusi.

"Tia S. Hiyo van iache, kila mchunga kondoo anayo."

"Sawa, mama," Alida akajibu kwa upole. Nilikuwepo, na upole ule ulinitisha.

Hester alipotoka, Alida akamgeukia binti. "Mashuka kanunua nani?"

"Mama yangu, shangazi. Ameuza jemu ya tini miaka minne."

"Basi yatiwe herufi yenu. Mimi nilitii, nikatoka mikono mitupu."

Lenie akafikiri. "Wengi huiacha du, wakatia P tu. Mama huzipenda zote mbili."

"D na P, basi. Tena kubwa!"

Siku ya kuonyesha sanduku la harusi, wanawake wa kanisa walijaa sebuleni kwa Hester. Akafungua kifuniko kwa madaha, akakunjua shuka la kwanza, kisha la pili. Uso ukamwiva.

"Alida! Fumua upuuzi huu!"

"Muulize mwenyewe mwenye mashuka."

Lenie akalivuta shuka kwake. "Yabaki hivyo, Mama."

"Umesikia?" Alida akasema. "Herufi yao, kitu chao. Si wewe uliyenifundisha?"

Kahawa ilikuwa imeandaliwa juu ya kitambaa cheupe chenye S pembeni. Alida alikitambua, kwa kuwa alikitarizi mwenyewe akiwa mchumba. Akavuta kiti, akatoa mkasi mfukoni, akaanza kuifumua ile S uzi kwa uzi mbele ya wote. Hakuna aliyethubutu kumzuia. Mimi niliondoa vikombe, na nakiri nilifurahi sana.

Alipomaliza akakikunja, akakitia kwapani.

"Sasa hakina herufi yako," akamwambia Hester, akatoka nacho.