Kalai kwenye Bomba la Moshi

Mjomba wangu alikuwa na pikipiki aliyoinunua ujanani, akaiacha ukumbini wakati wa vita, petroli ilipokuwa haipatikani ila kwa kibali. Vita vilipokwisha, mabomba yake ya moshi yalikuwa yameliwa na hewa ya bahari hata yakawa kama kimia. Yalikuwa mawili, moja kila upande, ingawa injini ilikuwa na pistoni moja tu. Nimesoma hadi chuo, na mpaka leo sijui bomba la pili lilikuwa na kazi gani. Nadhani lilikuwa la heshima.

Mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Shimanzi alikuwa amekwisha kuja mara mbili kuitazama. Mimi nilikuwa nimerejea karibuni kutoka masomoni Uganda na kupata ukarani Mbaraki. Kila asubuhi nilikwenda kazini kwa miguu na kufika shati limenigandama mgongoni. Nikamsihi mjomba asiiuze. Alifikiri kwa muda wa kikombe kizima cha kahawa.

"Itengeneze," akasema. "Ijumaa ukinifikisha nayo msikitini, ukanirudisha na heshima yangu, ni yako. Ukishindwa, Jumamosi yaenda Shimanzi."

Injini iliwaka upesi kuliko nilivyostahili. Mabomba ndiyo yaliyonitesa. Nati zake zilikuwa zimeshikwa na kutu, nikazitia mafuta ya nazi siku tatu mfululizo, mpaka mkaza mjomba akaniuliza kama nazikaanga au nazichemsha. Zilipolegea, nikayapeleka mabomba kwa mhunzi akayaziba matundu. Yakarudi mazima, lakini yana viraka kama suruali ya hamali. Nikaona haya kumpandisha mjomba juu ya viraka. Ndipo nikakumbuka kalai, lile bati jeupe linalopakwa ndani ya sufuria za shaba ili chakula kisiingie sumu.

Fundi wa kalai alikuwa na kibanda nyuma ya nyumba yetu. Nilimkuta amesimama ndani ya sufuria ya pilau, ameshika ukuta, anazungusha kiuno huku na huku, akiisugua kwa mchanga na nyayo zake.

"Sabalkheri, fundi."

"Sabalkheri, mwanangu. Hayo ni mabomba ya choo?"

"Ya pikipiki. Nataka uyapake kalai kwa nje, yang'ae."

Akatoka sufuriani, akayapindua. "Yatakaa motoni?"

"Karibu na moto."

"Na maji yatakuwa wapi?"

"Hayana maji."

"Chombo cha kalai hakiwekwi motoni kikavu. Hata mwanamwari ajifunzaye kupika ajua hilo."

Nikamweleza, kwa upole wa mtu mwenye cheti cha kemia, kwamba pikipiki ikienda, upepo hulipoza bomba. Kiwango cha joto linaloyeyusha bati nilikuwa nakijua kwa moyo. Nilikwisha kukiandika katika mtihani nikasifiwa.

"Haya," akasema. "Msomi ni wewe."

Yalitoka yaking'aa kama sinia la harusi. Siku mbili nilipigana na bomba la kulia nikilitaka likae kushoto, mpaka mkaza mjomba, aliyekuwa akipita na bakuli la mchele, akasema, "Si ulibadilishe upande, mwanangu?" Nikalibadilisha. Likaingia bila neno. Jirani mmoja akaja akajitazama ndani yake na kuiweka kofia yake sawa.

Ijumaa mjomba alitoka na kanzu mpya, akakaa nyuma yangu upande upande. Msikiti ulikuwa karibu sana na nyumbani, kwa hiyo ilibidi tuzunguke, la sivyo nani angemwona? Tukapita Marikiti.

Hapo ndipo elimu yangu iliponiacha. Upepo nilikuwa nimeuhesabu, salamu sikuzihesabu. Kila aliyemjua mjomba alimsalimu, na mjomba hakuwa mtu wa kujibu salamu akiwa mbioni. Akinigusa bega, nasimama, injini inanguruma pale pale. Habari za nyumbani, za watoto, za yule mgonjwa, za yule aliyesafiri. Tulikwisha kusimama mara nne tulipomfikia muuza ndimu, sahibu yake wa zamani.

"Mzee!" hamali mmoja akapiga kelele. "Chombo chako chatoka jasho!"

Nikatazama chini. Kalai ilikuwa ikitiririka na kudondoka, matone meupe, tone baada ya tone, kwenye pindo la kanzu.

"Mjomba, shuka!"

"Ngoja," akasema, na kwa muuza ndimu, "Na mamako je, ile miguu yake?"

"Yampa taabu kidogo, lakini alhamdulillahi."

"Alhamdulillahi," akajibu mjomba, salamu ikawa imetimia, ndipo akaruka. "Yallah! Yaniunguza!"

Hamali wakacheka hata mmoja akatua gunia lake. Mjomba akakung'uta kanzu, akahesabu matundu kwa macho, akaenda msikitini kwa miguu. Nilisukuma pikipiki nyumbani nikiwaza Shimanzi.

Alirejea baada ya sala, amechelewa. Nilikuwa nimeanza kuikwangua kalai iliyobaki.

"Nimeulizwa habari ya pikipiki na watu wasionisalimu tangu kabla ya vita," akasema, akikaa. "Nimewasimulia mara sita. Siiuzi."

Nikataka kumbusu mkono. Akauondoa.

"Ngoja. Sharti ni sharti. Hukunifikisha, wala hukunirudisha. Kwa hivyo si yako. Utakuwa dereva wangu wa Ijumaa."

Miaka minne nilimwendesha mjomba kila Ijumaa, mabomba yamekwanguliwa, meusi, ninazima injini kila anaponigusa bega. Siku nyingine funguo zilikaa mfukoni mwake, nami nikaenda Mbaraki kwa miguu, na leseni ya udereva mfukoni mwangu.